Hesabu ya Karani wa Chini

Nimepoteza nyumba kwa kuhesabu karata, na hesabu yangu haikukosea hata mara moja. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema kwa sababu watu wakisikia kasino wanadhani nililewa, au nilifuata mwanamke, au niliota ndoto nikaiamini. Sikuota. Nilikaa kitini siku tisa, mchana kweupe, nikanywa soda, nikahesabu kila karata iliyofunuliwa mbele yangu, na nyumba ikaondoka.

Nyumba yenyewe ilikuwa bado si yetu. Tulikuwa tumepanga hapo miaka kumi na tisa: vyumba vitatu, jiko, na ua mdogo wenye bomba. Mwenye nyumba alipofariki, binti yake alikuja na karatasi. Anauza, milioni kumi na tano. Kwa kuwa baba yake alituheshimu, anatupa sisi nafasi ya kwanza mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo atamuuzia mtu wa vipuri vya magari anayetaka kuifanya stoo.

Mama mkwe wangu haoni. Macho yalimwisha kidogo kidogo, na yalipokwisha kabisa alikuwa ameshaishi nasi miaka minane. Ndani ya nyumba ile ungemkuta anachuja chai, anaanua nguo, anatoa chumvi kabatini bila kupapasa. Mgeni aliweza kukaa saa nzima asijue. Lakini nje ya geti hakuweza kwenda hatua tatu bila kushikwa mkono. Kwa hiyo mke wangu alipomaliza kusoma ile karatasi hakuuliza tutahamia wapi. Alinong'ona tu, ili asisikike chumba cha pili: "Mama atakuwa kipofu sasa."

Tukakubaliana tusimwambie mpaka tuwe tumeinunua.

Tulikuwa na milioni kumi. Saba zilikuwa kiinua mgongo changu, tatu zilikuwa akiba ya mke wangu, ambaye anafua mashuka hospitalini. Zilipungua tano. Nilikwenda benki. Kijana wa mikopo akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia nimeachishwa, nina miaka hamsini na moja. Akanirudishia kitambulisho changu kwa mikono miwili, kwa adabu sana, kama anayempa mtu pole ya msiba.

Kazi niliyoachishwa ilikuwa ya kuhesabu. Niliacha shule darasa la sita, nikahangaika na vibarua mpaka miaka ishirini na mitano, nikaingia ghala la nafaka kubeba magunia, na baada ya mwaka wakagundua kuwa sipotezi hesabu. Wakanifanya karani wa chini. Karani wa chini anasimama mlangoni, wapagazi wanapita na magunia, yeye anahesabu. Makelele ya pale hayaruhusu kuita, kwa hiyo namba unaipeleka kwa mkono. Juu, kwenye dirisha la kioo, anakaa karani wa dirishani. Wewe unampa idadi nzima, mbovu na nzima pamoja. Yeye ana orodha ya yaliyochanika na yaliyolowa, anayatoa, anaandika iliyobaki. Mwaka wangu wa pili nilijifanya mjuaji, nikayatoa mwenyewe magunia manane yaliyopasuka kabla ya kupeleka namba. Na yeye juu akayatoa tena. Lori likaondoka na magunia manane ambayo hayapo kwenye karatasi, na mimi nusura niondoke nalo. Meneja alinipigia kelele mbele ya watu wote: "Karani wa chini hapunguzi! Kazi yako ni kuhesabu, shenzi!" Sikupunguza tena miaka ishirini na minne. Halafu wakaleta mashine yenye taa nyekundu inayohesabu magunia yakipita kwenye mkanda, na wakanikatia cheki.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu na ndugu yake wa pekee, ni kinyozi. Kabla ya kuwa kinyozi aliwahi kugawa karata kwenye kasino ya mji mwingine miaka sita. Jumapili moja alikuja kuninyoa uani, kama kawaida yake.

"Shemeji," akasema, mashine ikiwa kisogoni kwangu, "ulikuwa unahesabu magunia mangapi kwa siku?"

"Elfu mbili. Siku za mavuno elfu tatu."

"Na hupotezi?"

"Wapagazi wanatukanana, madereva wanapiga honi, meneja ananiuliza mke wangu hajambo. Sipotezi."

"Basi wewe umekalia pesa kama kuku aliyekalia mayai asiyojua kuwa ni yake. Tulia, nitakukata sikio."

Akanieleza. Mchezo unaitwa ishirini na moja, na ni mwepesi kuliko unavyosikika. Unapewa karata mbili, mgawaji anajipa zake. Ukitaka unaongeza. Anayekaribia zaidi ishirini na moja anashinda, anayepita amekufa. Mfalme, malkia na ghulamu wote ni kumi. Ree, ile karata ya alama moja, ni moja au kumi na moja, utakavyo wewe. Lakini mgawaji hana hiari: akiwa na kumi na sita ni lazima aongeze, akifika kumi na saba ni lazima asimame.

"Sasa sikiliza," shemeji akasema. "Karata ikishatoka kwenye sanduku la mgawaji hairudi mpaka zichangwe upya. Zikitoka ndogo nyingi, zilizobaki ndani ni kubwa. Na kubwa zinakufaa wewe. Ukipata kumi na ree kwa mkupuo unalipwa mara moja na nusu. Na mgawaji aliyekwama kwenye kumi na sita akivuta kubwa, anapita, anapasuka. Zikitoka kubwa nyingi, ndani zimebaki ndogo, hapo kasino ndiyo inakula."

"Kwa hiyo nikumbuke karata zote?"

"Hukumbuki hata moja! Unabeba namba moja tu kichwani. Ikitoka mbili, tatu, nne, tano au sita, ongeza moja. Saba, nane na tisa, waache wapite, hao ni abiria. Kumi, wakubwa wenye sura na ree, punguza moja. Namba ikipanda, weka dau kubwa. Ikishuka, weka dogo, au nenda chooni."

"Ni halali?"

"Unatumia kichwa chako, nani atakifungia kichwa? Ila wakikugundua wanakutoa. Wanakugundua wakiona dau lako linapanda na kushuka pamoja na karata. Ndiyo maana tutakuwa wawili. Wewe utakaa mezani tangu wafungue, dau elfu kumi, elfu kumi, mzee mstaafu anayeua muda. Namba ikinona unaniita. Mimi nakuja na mifuko mizito, najifanya mjinga mwenye hela, naweka kwa namba unayonipa. Mjinga haangalii masanduku, haangalii karata za zamani. Anaangalia wahudumu."

"Hiyo ya kuangalia wahudumu hujifanyi."

"Ndiyo maana sehemu hiyo ni yangu."

Tulifanya mazoezi siku kumi kwenye meza ya jikoni, mke wangu akiwa kazini. Pakiti ya karata ilikuwa moja, ya kwake ya zamani. Yeye anafunua, mimi nahesabu, namba naipeleka kwa mkono wa ghalani: kiganja wazi ukingoni mwa meza ni tano, ngumi ni kumi, vidole vinajisemea vyenyewe. Alijifunza mkono huo kwa siku moja. Mama mkwe alikuwa anapita kwenda bombani.

"Mnafanya nini nyie wanaume wawili mchana wote?"

"Hesabu, Mama," nikamjibu.

"Hesabu yenye mlio wa karata." Akacheka. "Mwangalie huyo mwanangu. Alikuwa analiwa kwenye karata na watoto wa darasa la pili, analia hadi usoni anakuwa na kamasi."

"Mama, mbele ya shemeji!"

"Shemeji yako ameshakuona na mabaya zaidi."

Siku ya mwisho ya mazoezi shemeji alikusanya karata, akazipanga, akaniambia jambo moja. Nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nimelisikia kichwani kila siku tangu hapo.

"Kule sandukuni kuna pakiti sita, si moja. Namba tano kwenye pakiti moja ni utajiri. Namba tano kwenye pakiti sita ni maji matupu, imetandazwa. Kwa hiyo lazima igawanywe kwa pakiti zilizobaki ndani ndipo ujue thamani yake. Umenielewa?"

Nikamwambia, "Nimeelewa. Kama kutoa magunia mabovu."

"Hapo hapo," akasema, akanipiga begani.

Tukanywa chai.

Kasino ilikuwa chini ya hoteli, mlango wa kioo cheusi, ndani zulia zito na baridi ya mashine. Hakuna dirisha wala saa ukutani. Ilifunguliwa saa sita mchana, na kuanzia saa nane kulikuwa na meza mbili za ishirini na moja zinazofanya kazi. Nilikaa kiti cha mwisho, karibu na kisanduku cha kioo ambamo mgawaji anatupa karata zilizokwisha kuchezwa. Kutoka pale niliona vizuri zimetoka ngapi. Kiti hicho shemeji ndiye aliyenichagulia. Pembeni yangu kila siku alikaa mwenye duka la dawa, mtu mnene anayezisemesha karata kama mbwa wake: "Njoo! Njoo kwa baba! Pumbavu, nani kakuita wewe?"

Nilichukua milioni nne kati ya zile kumi. Tulikubaliana: ikipotea moja, tunaacha. Dau tulilipanga hivi: shemeji akiona mbili, elfu ishirini. Tatu, elfu hamsini. Nne, laki moja. Tano na kuendelea, laki mbili.

Siku ya kwanza tulitoka na faida ya laki saba. Siku ya pili, milioni moja na laki moja. Sitasahau ile siku ya pili. Ngumi yangu ilikuwa ukingoni mwa meza, namba kumi, shemeji akaweka laki mbili akapata ree na mfalme, akaweka tena akapata ishirini, mgawaji akapasuka. Mwenye duka la dawa akamshika mkono, akasema, "Kijana, umeogea nini?" Tulipotoka nje jua lilikuwa bado kali. Shemeji aliniambia, "Nilikuwa nawagawia wengine miaka sita, shemeji. Miaka sita!" Nilinunua kilo mbili za nyama. Mke wangu akaniuliza nimepata kibarua wapi. Nikamwambia, ghala jipya, nahesabu. Nikaona uso wake umelegea kidogo, na nikafurahi kwa uongo ule kama mtu aliyefanya jambo jema.

Siku ya tatu tukaliwa laki sita. Siku ya nne milioni moja na laki tisa.

"Ni mawimbi," shemeji akasema. "Faida yetu ni ndogo, inaonekana baada ya siku nyingi. Katikati lazima utupwe huku na huku. Hesabu iko sawa?"

"Iko sawa."

"Una uhakika?"

"Usiniulize mara ya pili."

Na ilikuwa sawa. Zikichangwa upya, pakiti sita zikichezwa zote, namba inatakiwa iishie sifuri. Hazichezwi zote, kuna kipande kinakatwa nyuma, lakini mara mbili nilimwona mgawaji akizifunua zilizobaki wakati wa kubadilisha pakiti, nikazihesabu mpaka mwisho, nikafika sifuri. Mara zote mbili. Nilitaka kusimama nijipigie makofi.

Siku ya tano ikaenda milioni moja na laki mbili. Zilibaki milioni mbili na laki moja. Ile ya kuacha ikipotea moja, hakuna aliyeitaja. Shemeji aliegemea ukuta wa hoteli, akasema mtaji wetu ni mfupi, mawimbi yanatufunika kabla hatujafika. Angekuwa na mtaji mrefu, alisema, angelala usingizi. Ni mimi niliyesema, "Kuna milioni sita benki." Aliniangalia.

"Humo si zimo za dada?"

"Zimo tatu."

"Dada ataniua."

"Dada yako anataka nyumba. Tukisimama hapa hakuna nyumba. Milioni nane haziinunui, na milioni mbili haziinunui."

Kesho yake aliuza pikipiki yake, akaja na milioni moja na laki mbili, akaniambia, "Kama tunazama, tuzame wote." Tukawa na milioni tisa na laki tatu. Dau la tano na kuendelea tukalipandisha likawa laki tatu.

Msimamizi wa pale alikuwa kijana wa suti, sauti ya chini, mkono laini. Siku ya sita alituletea chakula cha bure, mimi na shemeji kila mmoja mahali pake, kama watu wasiojuana. Siku ya saba alimuuliza shemeji kama kiti kinamfaa. Wanaohesabu wanatolewa nje, na sisi tulikuwa tunabembelezwa. Tuliona ni dalili kuwa tunajificha vizuri.

Siku ya sita ziliondoka milioni mbili na laki sita. Siku ya saba tulipata laki nne, tukapumua. Siku ya nane ziliondoka milioni tatu na laki tatu. Nilikuwa nahesabu huku jasho linanitoka kwenye ile baridi. Namba inapanda: saba, nane, tisa. Naipeleka. Shemeji anaweka laki tatu. Mgawaji, binti mwembamba mwenye kucha fupi, anajifunulia sita na kumi, anavuta, inakuja tano. Anakusanya. Namba bado iko juu, kwa nini zisije kubwa? Naipeleka tena. Laki tatu. Anakusanya.

Siku ya tisa ilikwisha saa kumi na nusu jioni. Dau la mwisho lilikuwa laki mbili kwa sababu tatu haikuwepo. Vidole vyangu vilisema nane. Shemeji alipata kumi na tisa, mgawaji ishirini. Binti akasema, "Poleni," jambo ambalo hawaruhusiwi kusema, nadhani. Mwenye duka la dawa aliangalia zulia.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha chai chenye benchi. Tulikaa. Shemeji alikuwa na pesa za chai mbili. Hakuwa amekasirika, alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka ameweka wapi funguo.

"Nane," akasema. "Shemeji, nane haipatikani. Miaka sita nimegawa, nilikuwa nahesabu kwa kujifurahisha, nane nimeiona mara chache sana. Sisi leo tumeipata mara nne. Tangu wiki iliyopita nashangaa, nikasema basi, Mungu ametukumbuka. Mtu akiwa na nane anaokota, haliwi."

"Ndiyo imetoka hivyo."

"Hiyo ya mwisho, sandukuni zilikuwa zimebaki pakiti ngapi?"

"Nne. Nne na kitu kidogo."

"Kwa hiyo namba nzima ilikuwa thelathini na ngapi?"

"Namba nzima ipi?"

"Kabla hujagawanya."

"Ilikuwa nane."

"Baada ya kugawanya ilikuwa nane."

"Mimi nigawanye? Mimi nilikuwa nakuletea nzima. Si wewe uliyekuwa unagawanya?"

Aliweka kikombe chini, kikapinduka, chai ikamwagika kwenye suruali yake na hakuifuta.

"Nilikwambia lazima igawanywe," akasema polepole.

"Nikakwambia kama magunia mabovu."

"Ndiyo."

"Magunia mabovu sitoi mimi. Yanatolewa dirishani."

"Mimi nitajuaje mambo ya dirishani, mwanaume? Mimi ni kinyozi!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na mwenye kibanda akageuka. "Wewe ndiye uliyekaa karibu na kile kisanduku! Nilikukalisha pale kwa ajili gani? Uangalie maua?"

Nilikalishwa pale, niliona zilizotoka ngapi, siku tisa niliziona, na haikunijia kuwa kuziona kwangu kulikuwa na kazi. Mkono wangu ulikuwa ukingoni mwa meza na macho yangu yalikuwa yanamtazama shemeji kama ninavyotazama dirisha. Namba imefika juu. Juu wanajua la kufanya nayo. Na jikoni kwangu, kwa pakiti moja, nzima na iliyogawanywa zilikuwa kitu kimoja, kwa hiyo hatukukosana hata mara moja.

"Nane kwa nne," shemeji akasema, akihesabu vidole kama mtoto. "Mbili. Mbili ni elfu ishirini. Mimi nimekuwa nikiweka laki tatu. Juzi ile kumi mwanzoni mwa sanduku, ilikuwa mbili kasoro. Zile tano, zile sita, hazikuwa na kitu kabisa. Tulikuwa tunarusha sarafu, shemeji. Siku tisa. Laki tatu tatu, kwa kurusha sarafu."

Akainuka, akaniambia, "Usimwambie dada kuwa nilikufundisha vizuri. Mwambie nilikufundisha vibaya." Akaenda zake kwa miguu. Pikipiki hakuwa nayo.

Mke wangu alirudi saa kumi na mbili na nusu. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maji na sabuni, kama kila siku. Nilikuwa nimekaa jikoni. Nilimwambia bila kuzunguka, kwa sababu sijui kuzunguka.

Akaniuliza, "Zimebaki ngapi?"

"Hakuna."

"Nimeuliza zangu."

"Zilikuwa pamoja, mke wangu."

"Sikuuliza zilikuwa wapi. Zangu zimebaki ngapi?"

"Hakuna."

Alivua viatu, akavipanga ukutani. Akaniuliza kama ile nyama ilitoka huko. Nikamwambia ndiyo. Akaenda uani, nikamsikia anatapika karibu na bomba.

Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa chumba chake. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani, akavuta kiti chake, akakaa, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Nyumba ipi inauzwa?" akauliza.

Nikamwambia, "Hii, Mama."

Kulikuwa na siku sita kabla ya mwezi kwisha. Mke wangu aliwapigia simu wajomba zake, wakasema wangeweza kuchanga milioni mbili kama angekuwa na zile kumi. Binti wa mwenye nyumba alikuja tarehe thelathini, akasimama getini, akasema alitamani iwe yetu. Nilimwamini. Tarehe tatu mtu wa vipuri alivunja ukuta wa chumba cha mama mkwe kwanza, ili malori yaingie.

Hii ndiyo hesabu, na safari hii nimeitoa yote mwenyewe. Milioni saba, ambazo ni miaka ishirini na sita ya ghalani. Milioni tatu, ambazo ni miaka kumi na mmoja ya mashuka ya wagonjwa. Milioni moja na laki mbili za pikipiki. Vyumba vitatu, jiko, ua na bomba. Sasa tuna chumba kimoja, pazia katikati, choo cha kaya sita upande wa pili wa korido. Mama mkwe alianguka kwenye korido hiyo mwezi wa kwanza mara mbili, na mara ya tatu alivunjika nyonga. Daktari amesema hatasimama tena. Analishwa na kufutwa kitandani, na chai haombi tena. Shemeji hajaja tangu siku ya benchi. Kibanda chake cha kunyolea kina kufuli, na mke wangu hana ndugu mwingine. Mke wangu analala upande wa pazia wa mama yake. Nami anazungumza mambo matatu: dawa, kodi, na zamu ya nani kubaki.